Nimepungua kilo 9, mbona moyo unakwenda mrama zaidi?

Daktari, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 58. Nimekuwa nikisoma majibu yako kwa muda mrefu bila kuandika, ila sasa nimefika mahali sijui nimsikilize nani.

Mwaka jana moyo wangu ulianza kudunda ovyo. Haukuwa unakwenda mbio tu. Ulikuwa unaruka, unasita, unakimbia, halafu unatulia wenyewe kana kwamba hapakuwa na kitu. Nilipofanyiwa kipimo cha umeme wa moyo niliambiwa vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kupiga sawasawa. Presha ninayo ya siku nyingi. Nikaandikiwa dawa ya kupunguza kasi ya moyo, dawa ya presha ambayo inanipeleka kukojoa kila saa, na rivaroksabani ya kuzuia damu isigande, ambayo naimeza usiku ninapokwenda kulala. Kisha daktari wangu akaniambia jambo ambalo sikulitegemea: kwamba uzito wangu, kilo 98, ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, na nikiupunguza huenda moyo ukatulia.

Nililishika hilo kwa mikono miwili. Nikaacha vyakula vyote vya wanga. Nakula mlo mmoja tu, saa nane mchana, na muda uliobaki nashindia juisi ya matunda na chai ya kupunguza mwili ambayo rafiki yangu mmoja anaiuza. Chai hiyo inasafisha tumbo kwelikweli, nashinda chooni. Haukupita muda mrefu nikawa na kilo 89. Nguo zinanipwaya, magoti yameacha kuniuma, na kila anayeniona ananisifu.

Lakini moyo, Daktari, umezidi. Zamani ulikuwa unanisumbua mara moja moja. Sasa karibu kila usiku nashtuka umeanza. Misuli ya miguu inakaza hadi napiga kelele, na nikisimama ghafla naona giza.

Nyumbani pamekuwa na ubishi. Mume wangu anasema njaa hii itaniua, kila jioni ananitengea chakula na nisipokigusa tunanuniana. Anataka nirudi kula kama zamani. Dada yangu naye ananisukuma upande wa pili: niongeze juhudi nifike kilo 75, nikifika huko nitupe dawa zote, maana amesikia kuna watu waliopungua wakapona kabisa. Wifi yangu, ambaye naye anatumia dawa ya damu, ameniambia mboga za majani ni mwiko kwetu, basi nimeziacha. Nimenunua vidonge vya mafuta ya samaki kwa ajili ya moyo. Kahawa niliiacha siku ile ile nilipoambiwa nina ugonjwa huu, na naikumbuka sana. Mvinyo sijauacha, mwisho wa wiki napata glasi mbili tatu, kwa sababu niliambiwa ni mzuri kwa moyo.

Naomba unijibu bila kunificha. Kupungua kunasaidia moyo au hakusaidii? Kama kunasaidia, mbona wangu unaharibika? Na kweli ipo siku nitaacha hizi dawa?

Mimi msomaji wako.

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Nimeisoma barua yako mara mbili na kuna mambo ambayo hayawezi kungoja, kwa hiyo nitaanza nayo hayo, maelezo yatafuata.

Chai hiyo iache leo. Usipunguze kidogo kidogo, iache kabisa. Kisha wasiliana na kliniki yako leo au kesho asubuhi, usingoje tarehe ya kurudi. Waambie maneno haya: nimepungua kilo 9 kwa haraka, nimekuwa nikiharisha kwa chai, natumia dawa ya presha inayotoa maji mwilini, moyo umezidi kuruka, misuli inakaza na nasikia kizunguzungu. Daktari au muuguzi yeyote akisikia hayo kwa pamoja ataelewa kwa nini hutakiwi kusubiri. Omba wakupime potasiamu, magnesiamu, figo, sukari na tezi ya shingo, na wakurudie kipimo cha umeme wa moyo. Uliza pia kama uendelee na ile dawa ya kukojoa kabla majibu hayajatoka. Usiikatishe mwenyewe, lakini swali hilo liulize waziwazi.

Na usiku wa leo kula chakula cha jioni, kisha umeze rivaroksabani pamoja nacho. Hili nalisisitiza kwa sababu nadhani hakuna aliyekueleza. Vidonge vya rivaroksabani vya miligramu 15 na 20, ambavyo ndivyo watu wenye tatizo kama lako hupewa, hufyonzwa vizuri vikiwa tumboni pamoja na chakula. Ukivimeza tumbo tupu, sehemu ya dawa inapita bila kuingia kwenye damu. Wewe umekuwa ukila saa nane na kumeza kidonge usiku juu ya juisi na chai ya kuharisha. Umekuwa ukimeza dawa kila siku bila kukosa, na huenda umekuwa ukipata kinga pungufu. Usimeze viwili kufidia. Rudisha mlo wa jioni tu, na dawa iende nao kila siku kwa saa ile ile.

Kama wakati wowote utazimia, au utapata maumivu ya kifua, au pumzi itakubana umekaa tu, au moyo utakimbia mfululizo usitulie, nenda idara ya dharura. Mdomo ukipinda upande mmoja, mkono ukikosa nguvu, au maneno yakikataa kutoka sawasawa, hiyo ni dalili ya kiharusi na dakika zina thamani kubwa. Mume wako naye azijue dalili hizi kwa kichwa.

Sasa nikujibu swali lako la kwanza. Ndiyo, kupungua kunasaidia, tena sana. Daktari wako alikwambia kweli, na ninafurahi alikwambia, kwa sababu wagonjwa wengi hupewa vidonge tu na habari ya uzito haiguswi.

Vyumba vya juu vya moyo hupiga kwa amri ya umeme unaoanzia sehemu moja na kusambaa kwa mpangilio. Katika ugonjwa wako umeme huo umekosa njia moja, unazunguka huku na huku, na kuta za vyumba hivyo zinatetemeka kama ngoma inayopigwa na watu kumi wasiosikilizana. Uzito unaingiaje hapo? Unaingia kwa milango mingi. Mwili mkubwa unahitaji damu nyingi zaidi, hivyo moyo unajaa zaidi na vyumba vyake vya juu vinatanuka. Mafuta hayakai tumboni na kiunoni peke yake. Yapo pia yanayoufunika moyo wenyewe, na yale yaliyogusana na kuta za vyumba vya juu hutoa kemikali zinazochochea uvimbe na makovu madogo madogo kwenye misuli. Umeme ukifika penye kovu unapinda au unarudi ulikotoka. Ongeza presha, ambayo unayo, na usingizi wa kukoroma na kukatikakatika kwa pumzi, ambao watu wengi wenye uzito mkubwa wanao bila kujua, na moyo unasukumwa kila upande usiku kucha.

Hayo si nadharia tupu. Madaktari wa mji wa Adelaide, Australia, walichapisha mwaka 2015 utafiti uliofuatilia watu 355 wenye tatizo hili hili na uzito uliozidi. Waliopunguza angalau asilimia 10 ya uzito wao, na wakabaki huko, walikuwa na nafasi karibu mara 6 zaidi ya kuishi bila moyo kuruka ukilinganisha na wale waliopungua kidogo au wasiopungua. Karibu nusu ya kundi hilo lililopungua zaidi walikaa bila matukio, na hata dawa za kurekebisha mdundo hawakuzihitaji. Mimi ni daktari wa siku nyingi na nakuambia ni vidonge vichache vinavyoweza kujivunia matokeo kama hayo.

Lakini utafiti huo huo ulionyesha jambo la pili, ambalo dada yako hajalisikia. Wale ambao uzito wao ulipanda na kushuka kwa zaidi ya asilimia 5 walipoteza sehemu kubwa ya faida, na hatari ya tatizo kurudi ilikuwa kwao mara mbili hivi. Kupungua kwa kasi, kuchoka, kurudisha kilo, kuanza tena: mwendo huo moyo haupendi. Walionufaika walipungua taratibu, kwa kusimamiwa, wakifuatiliwa miaka.

Ndipo tunafika kwenye swali lako la pili, mbona wangu unaharibika. Siwezi kukupima kwa barua, lakini dalili ulizoandika zinanielekeza mahali pamoja, nami nitashangaa nikiambiwa madini yako yako sawa.

Kila pigo la moyo linategemea madini yanayoingia na kutoka kwenye chembe za misuli: potasiamu, magnesiamu, sodiamu, kalisi. Potasiamu kwenye damu ina nafasi finyu sana, takriban 3.5 hadi 5 kwa kipimo cha maabara. Ikishuka chini ya hapo misuli inakaza, mwili unalegea, na moyo unaanza kuruka. Magnesiamu ikipungua inaifanya potasiamu iwe ngumu kurudi mahali pake hata ukiila. Sasa hebu tazama siku yako. Dawa ya presha inatoa potasiamu kwa mkojo. Chai inaitoa kwa choo. Chakula ambacho kingeirudisha, yaani mboga za majani, maharage, viazi, umeviacha, mboga kwa ushauri wa wifi na viazi kwa kuogopa wanga. Juisi ina potasiamu kiasi, ila haiwezi kufidia kinachotoka kwa njia mbili. Juu ya hayo huli na unaharisha, kwa hiyo maji yamepungua na presha imeshuka, ndiyo maana ukisimama unaona giza. Moyo uliokuwa tayari na hitilafu ukiwekwa katika hali hiyo utalalamika tu.

Njaa kali inaweza kuua hata mtu ambaye moyo wake haukuwa na tatizo lililojulikana. Mwaka 1977 na 1978 nchini Marekani, watu kwa makumi walikufa wakiwa kwenye mtindo wa kupungua kwa kunywa protini ya maji peke yake kwa miezi. Wengi walikuwa wanawake wa umri usio mkubwa, na waliochunguzwa walionekana kuwa na mdundo hatari uliotokea kwenye vyumba vya chini vya moyo. Moyo ni msuli. Mwili ukinyimwa chakula kwa muda mrefu hauli mafuta peke yake, unakula na misuli, na moyo haukwepi. Sikuandikii haya ili ulie. Nataka ujue kwamba mume wako aliposema njaa itakudhuru hakuwa anakuonea wivu kwa nguo kukupwaya.

Na hiyo chai, sijui kilichomo ndani yake, na yawezekana hata rafiki yako anayeiuza hajui. Nyingi zina majani ya kuharisha, basi. Kilo zinazotoka ni maji na choo, mafuta yanabaki pale pale. Nyingine ni mbaya zaidi. Ipo dawa iitwayo sibutramini, iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu iliongeza mshtuko wa moyo na kiharusi kwa watu wenye magonjwa ya moyo na mishipa. Hadi leo wakaguzi wa dawa wanaendelea kuikuta imefichwa ndani ya bidhaa za kupunguza mwili zinazoandikwa kwamba ni za mimea asilia. Inapandisha presha na kuukimbiza moyo. Kwa mtu mwenye ugonjwa wako ni sumu. Pakiti usiitupe, ipeleke kliniki waione.

Kuhusu mboga za majani, wifi yako hakudanganya, ila alikupa ushauri wa dawa yake. Nadhani yeye anatumia warfarini. Warfarini inafanya kazi kwa kupingana na vitamini K, na vitamini hiyo imejaa kwenye mboga za kijani kibichi. Hata hivyo mtu wa warfarini hakatazwi mboga. Anachotakiwa ni kula kiasi kinacholingana wiki kwa wiki, ili dawa ipimwe juu ya ulaji usioyumba. Akishinda bila mboga mwezi mzima kisha ale sinia zima, damu yake itabadilika. Umwambie hivyo kwa upole, kwa sababu na yeye anazihitaji. Wewe na rivaroksabani yako huna shida ya vitamini K kabisa. Zirudishe mezani leo.

Utaniuliza, basi nile nini? Hakuna chakula cha kuponya mdundo wa moyo, na anayekuuzia kimoja anakudanganya. Mboga kwa wingi, maharage na jamii yake, matunda yenyewe badala ya juisi yake, nafaka zisizokobolewa, samaki, karanga na mbegu, mafuta ya zeituni au mengine ya mimea kwa kiasi. Hispania kuna utafiti mkubwa ambao ulaji wa namna hiyo pamoja na mafuta ya zeituni ya daraja la kwanza ulihusishwa na kupungua kwa ugonjwa wako huu. Wanga usiuogope, upime. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko cha chai kisichojaa, ukihesabu na ile iliyojificha kwenye mkate, supu za pakiti na nyama za kusindika. Ile chumvi mbadala inayouzwa kwa wenye presha usiiguse kabla figo hazijapimwa, maana imetengenezwa kwa potasiamu, na potasiamu ikizidi inasimamisha moyo kama inavyouvuruga ikipungua. Kwa sababu hiyo hiyo sitaki ununue vidonge vya potasiamu mwenyewe ukisoma niliyoandika hapo juu. Kipimo kwanza.

Milo mitatu midogo itakufaa kuliko mlo mmoja mkubwa. Kuna watu ambao tumbo likijaa sana, hasa usiku, moyo unaanza. Mshipa wa fahamu unaohudumia tumbo ndio huo huo unaouamrisha moyo. Na unaporudi kula, usirudi kwa karamu. Mwili uliozoea njaa ukipewa chakula kingi kwa mkupuo, hasa cha sukari na wanga, huvuta potasiamu na fosfati kutoka kwenye damu na kuziingiza kwenye chembe, na moyo unaweza kuzidi kuruka. Ongeza kidogo kila siku.

Vidonge vya mafuta ya samaki viache. Najua hili litakushangaza. Samaki wa kula ni mzuri. Lakini majaribio makubwa ya vidonge vya omega-3, hasa kwa dozi ya gramu 4 kwa siku, yalionyesha kwamba waliovimeza walipata mtetemo wa vyumba vya juu mara nyingi zaidi kuliko ambao hawakuvimeza. Kwa baadhi ya wagonjwa madaktari huviandika kwa sababu nyingine na wanapima faida na hasara. Wewe ulijinunulia, na huna faida ya kuipima.

Mvinyo nao nakuomba uuache, na hapa sina maneno ya kuzungusha. Pombe huvuruga mdundo wa moyo moja kwa moja, na uhusiano huo ulikwisha kuandikwa na madaktari wa Marekani tangu mwaka 1978, baada ya kuona watu wakiletwa hospitali na mioyo inayoruka baada ya sikukuu na mwisho wa wiki wa kunywa. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa Australia wa wanywaji 140 wenye tatizo lako. Nusu waliombwa waache. Katika miezi 6 tatizo liliwarudia asilimia 53 ya walioacha, na asilimia 73 ya walioendelea. Glasi zako mbili tatu si nyingi, ila una moyo unaokuamsha usiku, na hiki ni kichocheo ambacho unaweza kukiondoa bila kupimwa chochote. Nacho pia kina nguvu ya kunenepesha ambayo watu hawaihesabu.

Kahawa, kwa upande mwingine, nadhani uliiacha bure. Hofu ya kahawa ni ya zamani, lakini utafiti wa mwaka 2023 uliowafunga watu 100 vifaa vya kurekodi moyo haukuona kahawa ikiongeza kwa kiasi cha maana mapigo ya ziada ya vyumba vya juu. Iliongeza kiasi mapigo ya ziada ya vyumba vya chini, na ikawapunguzia watu usingizi. Majibu yako yakitoka salama, jaribu kikombe kimoja asubuhi na usikilize mwili wako. Ukiona moyo unajibu vibaya, acha. Vile vinywaji vya makopo vya kuongeza nguvu sivyo ninavyozungumzia, hivyo usiviguse.

Kipimo cha tezi ya shingo nimekitaja juu, nikueleze sababu. Tezi hiyo ikifanya kazi kupita kiasi, mtu hukonda, moyo hukimbia na kuruka, mikono hutetemeka, joto humshinda. Wewe una sababu ya wazi ya kupungua, kwa hiyo huenda siyo. Lakini mtu wa miaka 58 anayepungua upesi huku mdundo ukizidi kuharibika anastahili kupimwa, na pengine ulikwisha kupimwa mwaka jana. Angalia faili lako. Muulize pia mume wako kama unakoroma na kama kuna wakati pumzi inakatika halafu unashtuka. Kama ndivyo, mwambie daktari, maana moyo unaoanza usiku una uhusiano wa karibu na pumzi zinazokatika, na tiba yake ipo.

Sasa kilo zako. Asilimia 10 ya 98 ni karibu kilo 10. Uko 89. Umefika karibu na pale walipofika wale walionufaika zaidi, kwa hiyo 75 ya dada yako isahau kwa sasa. Kazi ya miezi inayokuja ni kukaa hapo. Tarajia kilo mbili au zaidi zirudi mara tu utakapoacha chai na kuanza kula, kwa sababu yalikuwa maji. Usishtuke ukaanza tena njaa. Madini yakishatengemaa, na moyo ukitulia, mkikubaliana na daktari kwamba bado kuna cha kupunguza, nusu kilo kwa wiki inatosha. Kutembea kwa miguu mwendo wa haraka kidogo kutakusaidia kulinda misuli, na wale waliopungua huku wakiongeza nguvu za mwili walifanya vizuri kuliko waliopungua tu. Anza daktari akisharuhusu, dakika chache, uzidishe polepole hadi dakika 30 siku nyingi za wiki. Jipime uzito mara moja kwa wiki, si kila asubuhi.

Kuhusu kutupa dawa, mwambie dada yako hapana, na mwambie kwa nini. Damu inayozunguka polepole kwenye vyumba vinavyotetemeka huganda, na bonge likichomoka linakwenda kwenye ubongo. Ugonjwa huu huongeza hatari ya kiharusi karibu mara 5. Uamuzi wa nani atumie dawa ya kuzuia damu kuganda haufuati moyo unaruka mara ngapi. Unafuata umri, presha, kisukari, kama moyo una udhaifu, kama mtu aliwahi kupata kiharusi. Moyo ukitulia, presha yako bado ipo na miaka yako inaongezeka. Zaidi ya hapo, matukio mengi hayasikiki; mtu anadhani amepona kumbe moyo unatetemeka saa kadhaa amelala. Kwa hiyo rivaroksabani ni ya mwisho kufikiriwa, na ni daktari wako wa kuifikiria.

Dawa nyingine ni habari tofauti. Presha hushuka mtu akipungua, na dozi iliyokufaa ukiwa na kilo 98 yaweza kuwa kubwa ukiwa na 89. Hiyo nayo inachangia giza unaloliona ukisimama. Kama una kipimo cha presha nyumbani, pima asubuhi na jioni, umekaa na kisha umesimama, uandike namba uende nazo. Ninatarajia daktari atakupunguzia kitu, na hiyo itakuwa faida halali ya kazi uliyoifanya.

Mume wako ana haki ya kuogopa, ila dawa yake si sahihi. Kurudi kula kama zamani kutarudisha kilo, na kilo zikirudi moyo utazilipia. Mwonyeshe barua hii. Mwombe aendelee kutenga chakula cha jioni, ila mpange pamoja kitakachokuwa kwenye sahani, na kidonge chako kikae pembeni yake. Mkiwa mmetulia, mfundishe kukushika mkono chini ya kidole gumba na kuhesabu mapigo kwa dakika nzima, siyo kwa sekunde 15 kisha kuzidisha, kwa sababu mdundo usio na mpangilio hauhesabiki hivyo. Aandike idadi, saa, na kama yalikuwa yanaruka. Nendeni kliniki wote wawili, na karatasi hiyo muiweke mbele ya daktari.